Lupita Nyong'o: Miaka 17 ya jasho kabla ya usiku wa Oscar

KILA mwaka katika muhula wa kwanza, wanafunzi wa Keumbu, sawa na wenzao kote Kisii na Nyamira, hubakia shuleni jioni wakifanya mazoezi ya michezo ya kuigiza, ngoma na mashairi. Wanaofaulu mashinani husonga hadi ngazi ya kaunti, kisha ya eneo, na wachache wenye bahati hufika katika tamasha za kitaifa za drama na filamu. Msichana anayetia fora jukwaani si ajabu akabandikwa jina la Lupita.

Jina hilo limekuwa kipimo cha mafanikio ya uigizaji nchini Kenya tangu Machi 2, 2014, usiku ambao Lupita Nyong'o alitwaa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike kwa nafasi ya Patsey katika filamu ya 12 Years a Slave. Alikuwa ametimiza umri wa miaka 31 siku moja tu kabla ya usiku huo. Hakuna Mkenya mwingine aliyewahi kupata Oscar ya uigizaji kabla yake.

Hata hivyo, habari za kupanda kwake husimuliwa kwa namna mbili, na zote mbili zina walakini. Wapo wanaosema kwamba aliibuka ghafla, akaigiza filamu moja na kuondoka na tuzo kubwa kuliko zote. Wengine hudai kwamba kwa kuwa babake ni Profesa Peter Anyang' Nyong'o, mwanasiasa mashuhuri, binti alitandikiwa njia na kazi yake ikawa kutembea tu.

Wa kwanza husahau kwamba kati ya siku aliyosimama kwenye jukwaa la watu wazima mara ya kwanza, akiwa na umri wa miaka 14, na usiku ule wa Oscar, ilipita miaka 17. Sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuwa mbele ya kamera. Alikuwa nyuma yake, akitumwa huku na kule, au mbali nayo kabisa, akijiuliza iwapo ndoto hiyo ilifaa kutajwa mbele ya watu. Wa pili wana hoja nusu, na hoja hiyo itafikiwa hapa chini.

KUZALIWA UGENINI

Lupita alizaliwa Machi 1, 1983 katika jiji la Mexico City. Ni mtoto wa pili kati ya sita wa Profesa Nyong'o na mkewe Dorothy. Wakati huo babake alikuwa akifundisha sayansi ya siasa katika taasisi ya El Colegio de México, lakini ualimu pekee haukuwa sababu ya familia hiyo kuwa mbali na nyumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 haukuwa wakati mwema kwa wahadhiri wenye ndimi kali nchini Kenya. Serikali ya Rais Daniel arap Moi ilikuwa ikiwaandama wasomi waliodai uhuru wa kisiasa, na jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982 liliukaza ukali huo zaidi. Familia ya Nyong'o tayari ilikuwa na kidonda chake. Charles Nyong'o, nduguye profesa, alitoweka mwaka 1980 baada ya kutupwa kutoka kwenye feri.

Ndiyo maana mtoto wa Kijaluo akapewa jina la Kihispania. Lupita ni kifupisho cha upendo cha Guadalupe, na wazazi walifuata desturi ya Waluo ya kumpa mtoto jina kulingana na mazingira ya kuzaliwa kwake. Msomaji wa Keumbu hahitaji kufafanuliwa jambo hilo kwa urefu. Mama wa Kigusii aliyejifungulia safarini humwita bintiye Nyanchera, kutokana na neno enchera, yaani njia. Kwa desturi za Gusii, Lupita angekuwa Nyanchera.

Familia ilirejea Kenya kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Alikulia Nairobi, katika nyumba ambamo siasa zilikuwa chakula cha kila siku na ambamo babake alikuwa miongoni mwa waliopigania kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi. Profesa Nyong'o baadaye alikuwa mbunge, waziri wa mipango, waziri wa huduma za matibabu na seneta wa Kisumu, kisha akachaguliwa gavana wa kaunti hiyo mwaka 2017 na tena 2022. Utotoni mwa bintiye, lakini, jina hilo lilileta wasiwasi kuliko fahari.

MASHARTI KWA MUNGU

Vita vya kwanza vya Lupita havikuhusu sanaa. Vilihusu rangi ya ngozi yake.

Februari 2014, siku chache kabla ya Oscar, alihutubu katika hafla ya jarida la Essence mjini Beverly Hills na kueleza bayana jinsi alivyotaniwa utotoni kwa sababu ya weusi wake. Alisimulia kwamba kila usiku alimwomba Mungu amwamshe akiwa mweupe kidogo. Asubuhi alikimbilia kioo akatazama, na kukuta hakuna kilichobadilika. Akaanza kumwekea Mungu masharti: angeacha kudokoa vipande vya sukari usiku, angemtii mamake katika kila jambo, wala asingepoteza tena sweta ya shule. Sweta hazikupotea, lakini ngozi ilibaki ile ile.

Mamake alimwambia kwamba urembo hauliwi wala haumshibishi mtu. Binti hakuelewa wakati huo, na runinga haikumsaidia, kwani karibu kila aliyesifiwa humo kwa uzuri alikuwa mweupe. Mambo yalianza kubadilika alipokuwa kijana, pale mwanamitindo Alek Wek kutoka Sudan Kusini, mwenye ngozi nyeusi kama yake, alipojaa kwenye majarida na majukwaa ya mitindo ya Ulaya na Marekani.

Suala hili si la Hollywood peke yake. Mafuta ya kujichubua yenye zebaki na haidrokwinoni yamepigwa marufuku Kenya, lakini bado hupenya hadi madukani. Katika hotuba ile, Lupita alitaja barua aliyoandikiwa na msichana mmoja aliyekuwa karibu kununua mafuta ya aina hiyo, akaghairi baada ya kumwona yeye kwenye filamu. Mwaka 2019 alichapisha kitabu cha watoto kiitwacho Sulwe, neno la Kijaluo lenye maana ya nyota, kuhusu mtoto mweusi kuliko wote nyumbani kwao. Kimetokana moja kwa moja na kioo kile cha asubuhi.

Kuhusu uigizaji, cheche iliwashwa na filamu ya The Color Purple ya mwaka 1985. Alipowaona Whoopi Goldberg na Oprah Winfrey, wanawake weusi waliofanana na watu aliowajua, aliona kwa mara ya kwanza kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa na mtu kama yeye. Amerudia kusema hivyo mara nyingi katika mahojiano.

JULIET WA NAIROBI

Lupita alisoma Rusinga, shule ambayo licha ya kubeba jina la kisiwa cha Ziwa Victoria iko Nairobi. Huko alianza na nafasi ndogo katika mchezo wa Oliver Twist. Akiwa na umri wa miaka 14 alipewa nafasi ya Juliet katika Romeo and Juliet wa Shakespeare, onyesho lililotayarishwa na kundi la Phoenix Players.

Wapenzi wa tamthilia mjini Nairobi wanalikumbuka kundi hilo. Kwa miaka mingi lilikuwa na ukumbi wake mdogo katika jumba la Professional Centre, katikati mwa jiji, na waigizaji wengi wa Kenya walipita mikononi mwake kabla ya milango yake kufungwa mwaka 2017 kwa matatizo ya kifedha. Lupita aliigiza pia katika michezo yake mingine miwili, On the Razzle na There Goes the Bride. Kwa msichana wa shule, kufanya kazi na watu wazima waliochukulia jukwaa kuwa kazi kamili lilikuwa darasa kubwa.

Alipofika umri wa miaka 16, wazazi walimrudisha Mexico kwa miezi saba ajifunze Kihispania. Aliishi Taxco, mji wa milimani unaosifika kwa wafua fedha, akasoma katika kituo cha Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Mexico kinachofundisha wageni lugha. Kisha akarejea na kumaliza masomo yake ya sekondari katika shule ya St. Mary's, Nairobi, mwaka 2001.

Hapa ndipo hoja ya wale wa pili inapopata uzito. Shule hizo hazilipiwi karo kwa ndizi za sokoni. Mtoto wa mkulima wa Keumbu mwenye kipawa kama hicho hakuwa na Phoenix ya kumchukua akiwa na miaka 14, wala safari ya Mexico ya kumfunza lugha ya nne. Alichokuwa nacho, na anacho hadi leo, ni mwalimu anayejitolea baada ya masomo na zile tamasha za kila mwaka. Si jambo dogo, kwani waigizaji wengi wa Kenya wametokea huko huko. Lakini ni kumdanganya mtoto huyo kumwambia kwamba yeye na Lupita walianzia mstari mmoja.

Kile ambacho karo haikununua ni ujasiri wa kusema anataka kuwa nini. Katika nyumba ya wasomi, udaktari, uanasheria au uprofesa ndizo zilizokuwa kazi za kujivunia. Uigizaji ulikuwa wa kupendeza likizoni. Lupita amekiri kwamba aliiona ndoto hiyo kuwa ya mbali mno na kuogopa kuitangaza. Basi alipokwenda Chuo cha Hampshire, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, alisomea filamu na tamthilia kwa mtazamo wa mtu atakayekaa nyuma ya kamera. Huko aliona pangekuwa salama zaidi.

KAZI ZA KUTUMWA

Mwaka 2004 mwelekezi Fernando Meirelles wa Brazil alifika Kenya kupiga The Constant Gardener, filamu iliyotokana na riwaya ya John le Carré kuhusu maovu ya kampuni za dawa. Sehemu zake zilipigwa Kibera na Loiyangalani. Lupita alipata kazi humo kama msaidizi wa utayarishaji, cheo ambacho, ukiondoa jina lake la heshima, humaanisha mtu wa kuitwa na kutumwa. Hupeleka karatasi, husubiri magari, huita waigizaji wakati wao ukifika, na huwa wa mwisho kuondoka.

Nyota wa filamu hiyo, Mwingereza Ralph Fiennes, alimuuliza siku moja alitaka kufanya nini maishani. Kwa woga, akamjibu kwamba alitaka kuwa mwigizaji. Fiennes hakumtia moyo kama alivyotarajia. Alimshauri aifanye kazi hiyo iwapo tu anahisi hawezi kuishi bila ya kuifanya. Lupita ameeleza kwamba maneno hayo hayakumfurahisha, ila hayakumtoka akilini.

Aliendelea na kazi za aina hiyo. Alikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa The Namesake ya Mira Nair, iliyotoka mwaka 2006, na wa Where God Left His Shoes ya mwaka uliofuata. Majina ya wafanyakazi wa ngazi hiyo hupita mwishoni mwa filamu wakati watazamaji wameshainuka kwenye viti vyao.

Kazi yake ya kumaliza masomo Hampshire ilikuwa filamu ya hali halisi, In My Genes, aliyoiandika, akaielekeza na kuitayarisha mwenyewe. Inawafuata watu wanane wanaoishi na ualbino nchini Kenya, na ilipata tuzo ya kwanza katika tamasha la filamu la vyuo vitano vya Massachusetts mwaka 2008. Chaguo la mada hiyo linafaa kutazamwa kwa makini. Msichana aliyeteswa kwa kuwa mweusi kupita kiasi alichagua kuwasikiliza watu walioteswa kwa kukosa weusi, katika jamii ile ile.

Mwaka 2009 alielekeza video ya wimbo The Little Things You Do wa mwanamuziki Wahu, akishirikiana na Bobi Wine wa Uganda. Mwanamuziki huyo wakati huo hakuna aliyemdhania kuwa angewania urais miaka kumi na mbili baadaye. Video hiyo iliteuliwa kuwania tuzo za muziki za MTV barani Afrika. Mwaka huo huo Lupita alirudi mbele ya kamera katika Shuga, mfululizo wa runinga wa MTV uliolenga kuwahamasisha vijana kuhusu virusi vya Ukimwi, akiwa mhusika Ayira. Alikuwa ameigiza pia filamu fupi, East River, iliyopigwa Brooklyn.

Kwa mtu aliyemtazama kwa mbali, alikuwa na kila sababu ya kuridhika. Alikuwa na shahada, alikuwa na filamu yake, na uso wake ulikuwa kwenye runinga. Yeye alijiona amekwama, na akajiuliza ni jambo gani angelijutia uzeeni asipolijaribu. Jibu lilikuwa lile lile alilomnong'onezea Fiennes.

YALE NA MLANGO WA CHUMBA CHA WEINSTEIN

Shule ya Maigizo ya Chuo Kikuu cha Yale huchukua wanafunzi wachache mno wa uigizaji kila mwaka na kuwafunza kwa miaka mitatu. Lupita alikubaliwa. Huko aliigiza kazi za Chekhov na Shakespeare, miongoni mwao Uncle Vanya na The Winter's Tale, na katika mwaka wa masomo wa 2011-2012 akapewa tuzo ya Herschel Williams, inayotolewa kwa wanafunzi wa uigizaji wenye uwezo wa kipekee.

Mafunzo ya aina hiyo ni ya pumzi, sauti, mifupa na misuli. Mwanafunzi hufundishwa kusimama, kutembea na kutamka upya, kama mtoto. Wanaodhani kwamba kipawa peke yake kinatosha hushangaa kusikia kwamba msichana aliyekuwa Juliet akiwa na miaka 14 alilazimika kuanza kwa kufundishwa kupumua.

Kuna sura ya miaka hiyo ambayo haikujulikana hadi Oktoba 2017, alipoandika makala katika gazeti la The New York Times. Alieleza kwamba mwaka 2011, akiwa bado mwanafunzi, alikutana na mtayarishaji Harvey Weinstein katika tamasha la filamu la Berlin. Weinstein alikuwa na nguvu za kumpandisha au kumzika mwigizaji yeyote. Alimwalika nyumbani kwake Connecticut kutazama filamu pamoja na familia, kisha akamtenga chumbani na kutaka kumkanda mwili. Lupita aliandika kwamba alijitolea yeye kumkanda ili asipoteze usukani wa mambo, na bwana huyo alipotaka kuvua suruali akaondoka. Safari nyingine, mkahawani New York, alimwalika katika chumba cha faragha. Alipokataa, alitajiwa mustakabali wake katika sanaa.

Weinstein, kupitia msemaji wake, alisema anayakumbuka mambo hayo kwa namna tofauti. Makala hiyo ilikuwa moja kati ya ushuhuda wa makumi ya wanawake, na mtayarishaji huyo baadaye alifikishwa mahakamani na kupatikana na hatia katika kesi za wanawake wengine.

Jambo linalostahili kuzingatiwa ni wakati wenyewe. Wakati huo Lupita hakuwa na jina wala kazi, na hakuwa na filamu hata moja kubwa. Mwanafunzi aliyevuka bahari na kutumia miaka yote hiyo kufika mlangoni alitakiwa kuchagua, akachagua kugeuka. Hakujua kwamba mlango mwingine ulikuwa karibu kufunguka.

PATSEY

Mlango huo ulifunguliwa na meneja wake, aliyemtaka ajirekodi akiigiza tukio moja kutoka katika filamu mpya ya Steve McQueen, mwelekezi Mwingereza mwenye asili ya Grenada. Ilikuwa mwaka 2012, na Lupita alikuwa akikaribia kuhitimu. Kutoka kwenye kanda hiyo aliitwa Los Angeles kwa msimamizi wa uteuzi wa waigizaji, Francine Maisler, kisha Louisiana mbele ya McQueen mwenyewe. Mwelekezi huyo alieleza baadaye kwamba zaidi ya wanawake 1,000 walikuwa wamepitiwa kwa ajili ya nafasi hiyo.

12 Years a Slave inatokana na kitabu cha mwaka 1853 cha Solomon Northup, Mmarekani mweusi aliyekuwa huru kisha akatekwa na kuuzwa utumwani. Patsey ni kijakazi kwenye shamba la pamba la Edwin Epps. Huchuma zaidi ya ratili 500 kwa siku, yaani zaidi ya kilo 220, kuliko mwanamume yeyote shambani. Bwana wake humtamani na kumnajisi, na mke wa bwana humwadhibu kwa sababu ya kutamaniwa huko. Hana pa kukimbilia.

Lupita aliingia Louisiana wiki chache tu baada ya kuvua joho la mahafali. Amesimulia kwamba aliamini McQueen angempigia simu wakati wowote kumwarifu kuwa amemchagua kimakosa. Mbele yake walikuwa Chiwetel Ejiofor na Michael Fassbender, watu wenye filamu nyingi nyuma yao. Yeye hakuwahi kuonekana katika filamu ndefu hata moja.

Kilichotokea kwenye skrini kinajulikana. Tukio la Patsey kuchapwa viboko kwa kosa la kwenda kutafuta sabuni halitazamiki kwa urahisi, na halikukusudiwa kutazamika kwa urahisi. Pale ndipo pumzi ya Yale na subira ya miaka ya kutumwa zilipokutana. Mwigizaji hapigi mayowe kutafuta huruma. Anazungumzia sabuni, na kwamba amechoka kunuka, na mtazamaji anaelewa kila kitu.

Mwaka huo huo wa 2012, Kenya ilikuwa na simulizi nyingine ya mwigizaji. Nairobi Half Life, ya mwelekezi David 'Tosh' Gitonga, ilimhusu Mwas, kijana wa mashambani anayeuza filamu za DVD huku akiwaigizia wateja matukio yake, kisha anapanda gari kwenda Nairobi kutafuta jukwaa na kuishia mikononi mwa wahalifu. Joseph Wairimu, aliyeigiza Mwas, alitangazwa mwigizaji bora katika tamasha la kimataifa la filamu la Durban, na filamu hiyo ikawa ya kwanza kutoka Kenya kupelekwa kushindania Oscar kitengo cha lugha za kigeni. Kijana wa Keumbu anayetaka kuona safari inayofanana zaidi na yake ataipata kwa Mwas kuliko kwa Lupita. Filamu zote mbili zinafaa kuonyeshwa shuleni, pamoja, kwa wanafunzi waliokomaa.

BAADA YA MAKOFI

Jukwaani usiku wa Oscar, Lupita alimkumbuka Patsey mwenyewe, akisema furaha yake imetokana na uchungu mwingi wa mtu mwingine, na akawaambia watoto wa kila pembe kwamba ndoto zao ni halali. Nairobi ilishangilia, na Rais Uhuru Kenyatta akatuma pongezi. Mexico nayo ikamdai, na kukazuka mabishano ya mzaha kuhusu ni nchi ipi yenye haki ya kujivunia tuzo. Mwenyewe hakuwa na tatizo kuwa wa pande zote mbili.

Mengi yameandikwa kuhusu nguo alizovaa msimu ule. Machache yameandikwa kuhusu ukimya uliofuata. Ameeleza kwamba baada ya Oscar alitarajia kuletewa nafasi za kuongoza filamu, badala yake akaletewa nafasi zaidi za kijakazi na mtumwa. Alizikataa, akijua kwamba kukataa kungepunguza kazi. Mwaka 2014 alionekana kama mhudumu wa ndege katika Non-Stop. Mwaka uliofuata aliigiza Maz Kanata katika Star Wars, mhusika aliyechorwa kwa kompyuta juu ya mwili na sauti yake, kiasi kwamba uso uliosifiwa dunia nzima haukuonekana kabisa.

Alirudi pia jukwaani. Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake katika vita vya Liberia, aliijua tangu siku zake za Yale, alipokuwa mwigizaji wa akiba katika onyesho la mwaka 2009. Mwaka 2016 aliifikisha Broadway yeye akiwa kinara. Ilikuwa tamthilia ya kwanza huko kuwa na waigizaji, mwandishi na mwelekezi ambao wote ni wanawake weusi, na ilimletea uteuzi wa tuzo ya Tony. Black Panther ya mwaka 2018, Us ya 2019 na A Quiet Place: Day One ya 2024 zilikuja baadaye, na hizo hazihitaji kutambulishwa.

Lakini filamu iliyomrejesha karibu zaidi na nyumbani ilikuwa Queen of Katwe ya mwaka 2016, inayosimulia maisha ya Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa mabanda jijini Kampala aliyekuwa bingwa wa sataranji. Sehemu yake kubwa ilipigwa Uganda. Aliyeielekeza ni Mira Nair, yule yule ambaye Lupita aliwahi kutumwa kazi ndogondogo kwenye filamu yake karibu mwongo mmoja awali. Safari hii Nair alimpa nafasi ya Nakku Harriet, mama mjane anayeng'ang'ana sokoni Katwe ili watoto wake wale, na ambaye haamini hata kidogo kwamba mchezo wa ubaoni unaweza kumlisha bintiye.